Eneo Si Sifuri

Mwalimu Hamdiya alifiwa na mumewe wiki ile ile tuliyomaliza kudifrenshieti, kabla hatujagusa kuintegreti. Nikianza hivi watu huniona sina huruma. Huruma ninayo, na marehemu Twalib nilimlilia, maana alikuwa mtu mpole aliyezoea kutuletea maji ya ndimu tulipokuwa tukifanya hesabu uani kwake. Lakini msiba ule ulimfunga mkewe ndani, na mimi ukanifungia nje.

Katika shule yetu ya Temeke tuliokuwa tukisoma Hesabu za Advansi kidato cha sita tulikuwa watatu tu: mimi Chausiku, Shomari wa Tandika, na Gaudens, aliyetoka Bukoba kuja kukaa kwa kaka yake na aliyeamini kwamba hesabu zilizaliwa kwao. Ilikuwa mwaka tisini na tatu, wakati kila mtu anauza kitu. Mwalimu wetu wa hesabu wa kwanza alikwishaacha chaki akaenda Kariakoo kuuza spea za magari. Wa pili alikuwa na meza ya mitumba, na tukipita tulimsikia akitangaza bei za suruali kwa sauti ile ile aliyotufundishia aljebra. Mwalimu Hamdiya ndiye aliyebaki. Alikuwa mwanamke mfupi, wa ukoo wa Waarabu wenye maduka walioko Temeke tangu enzi za mababu zao, na hasira zake zilikuwa karibu. Ukikosea alama ya kutoa alisonya kwanza, halafu ndipo akasahihisha.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kudifrenshieti si uchawi. Alichora ubaoni mstari uliopinda, akaweka nukta moja juu yake, akauliza: hapa nilipokanyaga, kilima kina mwinuko gani? Si kilima kizima, hapa tu, chini ya unyayo. Eksi skwea inakupa mbili eksi. Eksi kyubu inakupa tatu eksi skwea. Kipeo kinashuka mbele kuzidisha, na kile kinachobaki juu kinapungua moja. Mimi ni mzito wa kuelewa, lakini nikishaelewa sisahau, na siku ile nilirudi nyumbani nikipima kwa macho mwinuko wa kila kitu, hata kawa lililofunika wali wa mama.

Matanga hayajaanuliwa, hedmasta wetu, Mwalimu Elinaza, akatuita ofisini. Alisema Mwalimu Hamdiya yumo edani, atakaa ndani miezi minne na siku kumi, na mtihani wa taifa hautamngoja. Mwalimu mwingine hana. Kwa hiyo atatuandikisha sabsidiari, zile hesabu nyepesi za kusindikizia masomo mengine. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupunguzia mzigo. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi nilimwambia kwamba kwa sabsidiari hakuna kitivo cha uhandisi kitakachonipokea Mlimani, na mtaa mzima wa kwetu unajua tangu nipo darasa la saba kwamba nitakuwa injinia wa madaraja. Nikamwomba atupe jaribio kabla ya kuandikisha majina. Mwishowe akakubali, akisema maswali yatakuwa ya kuintegreti matupu, na atakayeshindwa asije kumsumbua tena. Nilitoka mle nikiwa nimeshinda kitu ambacho sikujua nitakilipa kwa nini, maana kuintegreti sikukujua hata kwa kuonja.

Jioni ile nilikwenda na wenzangu nyumbani kwa Mwalimu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko la Tandika, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na chumba chake dirisha lake lilitazama uchochoro. Mlangoni alikaa mama mkwe wake, Bi Farida, na tasbihi yake. Aliniruhusu kuingia kwa kuwa ni mwanamke. Wavulana aliwaweka uani, na akatoa sharti lake: mjane aliye edani hasikiwi sauti na wanaume wa kando. Kwao ndivyo walivyofanya, mama zao walivyofanya, na yeye mwenyewe alivyofanya alipofiwa. Sikumbishia. Nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye mkeka, kanga nyeupe, hana wanja wala hina, macho yamevimba. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza tumefika wapi.

Basi ukawa ndio utaratibu wetu. Mimi naingia, ananifundisha kwa kunong'ona, natoka uani nawafundisha wavulana kwenye ubao wetu, ambao ulikuwa mlango mkuukuu wa choo tuliousiliba makaa ya betri za redio. Wakiwa na swali nalibeba ndani. Jibu nalibeba nje. Niliyabeba yale maneno kama mtu abebaye maji kwa viganja, na njiani mengi yalimwagika.

Kuintegreti, alinieleza, ni kurudi ulikotoka. Uliteremsha kipeo ukapunguza moja. Sasa ongeza moja, halafu gawa kwa kipeo kipya. Mbili eksi inarudi kuwa eksi skwea. Lakini usisahau konstanti, aliniambia, na hapo alinishika mkono kabisa. Eksi skwea jumlisha tano na eksi skwea jumlisha tisa, zote ukizidifrenshieti zinakupa mbili eksi. Ile tano na ile tisa zimepotea njiani. Kwa hiyo ukirudi lazima umwachie kiti yule aliyepotea, hata kama humjui jina. Niliipenda ile habari. Nilitoka nayo uani nikaitoa vizuri, hata Gaudens akaiandika bila kukunja pua.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya eksi chini ya moja, yaani moja gawanya kwa eksi. Gaudens ndiye aliyeileta, kwa makusudi, akiwa ameegemea ukuta na tabasamu lake. Nami nikatumia kanuni niliyopewa. Kipeo ni hasi moja, ongeza moja unapata sifuri, gawa kwa sifuri. Nilisita. Gaudens akauliza ninagawaje kwa sifuri. Badala ya kwenda ndani nikajitia ujuzi, nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba jibu ni namba isiyo na mwisho, na nikaanza kuichora ile alama yake, ile nane iliyolazwa ubavu.

Kutoka ndani ya chumba, kupitia pazia na ukumbi, ikaja sauti ya Mwalimu Hamdiya. Haikuwa ya kunong'ona. "Futa hiyo takataka. Kanuni haifanyi kazi pale tu, peke yake katika vipeo vyote. Jibu ni logi asilia ya eksi, na konstanti, na asiyejua akae kimya."

Bi Farida alisimama na tasbihi yake. Shomari, mtoto wa Kiislamu aliyefundwa, alitazama chini kana kwamba ameona asichotakiwa kuona. Na kwa bahati mbaya shemeji yake Mwalimu, Awadh, mwenye duka la vitambaa pale mbele, alikuwa ndio kwanza anaingia ukumbini.

Awadh hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kusema taratibu na kila neno likakukaa. Alimsimamia mjane wa kaka yake mlangoni, akamwambia kwamba udongo wa Twalib haujakauka na yeye anapaza sauti kwa wanaume. Mimi nilikuwa nimekimbilia ukumbini, na nilisikia jibu lake lote.

"Nimekaa eda ya mume wangu, na nitaimaliza kama ilivyoamrishwa," Mwalimu alisema. "Hesabu hazikufa. Hizo sizikalii eda."

Kuanzia siku ile tulipigwa marufuku uani, wavulana na mimi pia. Dirisha la uchochoroni likafungwa mbao zake. Na Awadh hakuishia hapo. Alikwenda shuleni kwa hedmasta kushitaki, na kesho yake Mwalimu Elinaza akatutangazia kwamba kumfuata mwalimu aliye edani ni aibu kwa shule, na mwanafunzi atakayekwenda kule jina lake halitaingia Advansi, jaribio au si jaribio.

Nilikasirika hasira ambayo hata sasa nikiikumbuka shingo inapata joto. Kila mtu alikuwa akimlinda Mwalimu Hamdiya, na hakuna aliyemuuliza anataka kulindwa na nini. Nikawaambia wenzangu kwamba uani ni kwa Awadh, lakini uchochoro si wa Awadh. Uchochoro ni wa watu wote wa Tandika, na mbuzi zao. Shomari alisita, akasema jina lake likifutwa baba yake atamchuna. Gaudens alisema ni upuuzi, tutafundishwaje na dirisha lililofungwa. Lakini saa ya jaribio ilikuwa inakuja na hawakuwa na wazo jingine. Tukauchukua ule mlango wa choo, tukauegemeza kwenye ukuta ng'ambo ya dirisha.

Nikaandika swali, nikalifanya kwa sauti kubwa, kila mstari, kama mwuza samaki. Kuintegreti tatu eksi skwea, toka sifuri hadi mbili. Eksi kyubu. Weka mbili, unapata nane. Hapo kwa kusudi nikasema: toa sifuri, jibu ni sita. Nilimjua. Mtu aliyesonya kwa alama ya kutoa asingeweza kuivumilia sita ile.

Kwa ndani ya zile mbao kitu kikagonga, pigo moja kavu. Baadaye nilijua ni mtalawanda, kiatu chake cha mti cha kuogea. Nikasema: samahani, jibu ni nane. Kimya. Shomari akacheka mpaka akakaa chini.

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Tunasoma mstari kwa sauti. Ukiwa sahihi, dirisha linanyamaza. Ukiwa na kosa, linagonga. Halikutuambia kosa ni nini. Ilibidi turudi wenyewe mstari kwa mstari, tukiutafuta uongo wetu kama mtu anayetafuta mchanga ndani ya wali. Mara nyingine tulisahau konstanti, na pigo la kosa lile lilikuwa la hasira zaidi, mara mbili mfululizo. Nikagundua kitu: alipokuwa akininong'oneza, nilikuwa nabeba hesabu za mtu. Sasa, kwa kugongewa tu, nilikuwa nazitengeneza zangu. Wapita njia walisimama. Mwuza karanga alianza kutushangilia dirisha likinyamaza. Awadh alimwendea mama yake kulalamika, na mwuza karanga yule yule, aliyekuwa mlangoni, akatuletea jibu la Bi Farida: kwamba alimkataza mkwewe kusema, kugonga hakumkataza.

Tukafika kwenye maeneo. Hapo ndipo kuintegreti kulipokuwa na faida niliyoiona kwa macho, maana unachora mstari uliopinda, unakata mipaka huku na huku, na unapata ukubwa wa ile ardhi iliyo kati ya mstari na mhimili wa eksi, hata kama hakuna rula inayoweza kuupima. Siku ya kuamkia jaribio nilichora eksi kyubu, toka hasi mbili hadi mbili. Upande wa kulia mstari ulipanda juu. Upande wa kushoto ulizama chini ya mhimili, ukubwa ule ule. Gaudens akaomba chaki. Alifanya haraka, kwa mbwembwe, akisoma kwa sauti: eksi kipeo cha nne gawa kwa nne, weka mbili, nne, weka hasi mbili, nne vilevile, nne toa nne, sifuri. Eneo ni sifuri.

Tukangoja. Dirisha halikugonga.

Gaudens akapangusa mikono, akapiga mstari mara mbili chini ya sifuri yake. Shomari akainakili. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya ubao. Nilikuwa nimeipaka chaki ile ardhi mwenyewe, vipande viwili, vinene, vinavyoonekana na mtu aliye mwisho wa uchochoro. Nikasema jibu si kweli. Gaudens akasema Mwalimu amelikubali. Nikamwomba alisome tena kwa sauti kubwa zaidi, akalisoma, na dirisha likanyamaza tena. Akaniuliza mimi ni nani wa kumkosoa Mwalimu Hamdiya.

Swali lile liliniuma. Yeye ndiye aliyejua. Mimi nilikuwa mtu wa kugongewa. Lakini kila nikitazama ubao, ardhi ilikuwa bado ipo.

"Mwalimu amekosea," nikasema, "au Mwalimu hayumo."

Nikazunguka mbele, marufuku au si marufuku, nikapiga hodi na kuingia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Bi Farida alikuwa amekaa peke yake ukingoni mwa kitanda, bado na baibui lake la safari, na uso wake sijapata kuuona vile. Alikuwa amelala Kipawa, kwenye msiba wa dada yake, akarudi mchana na kukuta chumba kitupu. Awadh alikuwa amemchukua mjane alfajiri akampeleka Chanika, kwenye nyumba yao ya shambani, ili asigonge tena. Bi Farida aliniambia hayo kwa sauti ya chini, halafu akaongeza: mjane hatolewi nyumba aliyofia mumewe mpaka eda iishe. Hilo halikuwa desturi ya nyumbani kwao tu, lilikuwa amri. Mwanawe, aliyejifanya mlinzi wa eda, ndiye aliyeivunja.

Nilirudi uchochoroni nikawaeleza. Shomari alishika kichwa. Tulikuwa tumekisomea chumba kitupu tangu tufike siku ile, na kila mstari tuliodhani umekubaliwa hakuna aliyeukubali. Gaudens akatoa shauri: niende Chanika sasa hivi, mimi mwanamke nitaingia, nimwulize Mwalimu kama jibu ni sifuri, nirudi kabla ya jaribio asubuhi.

Nilifikiri kwenda. Miguu yangu ilikwishageuka. Ni rahisi sana kumfuata anayejua, na kwenda kwangu kungekuwa na heshima ndani yake. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba maji kwa viganja.

"Siendi kuuliza kitu ninachokiona," nikamwambia. "Keti chini nikufundishe."

Aliketi, nadhani kwa mshangao. Nikamwuliza: kaka yako akinunua viwanja viwili kule Chanika, sawasawa kwa ukubwa, kimoja kulia kwa barabara na kimoja kushoto, dalali akimwambia kwamba kwa jumla hana kiwanja, atamlipa? Shomari akacheka, Gaudens hakucheka. Nikaendelea kwa sauti, si kwa ajili ya dirisha, bali kwa kuwa nilikuwa najisikiliza. Kilicho chini ya mhimili hesabu inakitaja kwa alama ya kutoa. Alama inasema tu upande kilipo, haisemi kwamba hakipo. Kwa hiyo tukitafuta eneo tusirukie sifuri moja kwa moja. Tunakata pale mstari unapovuka mhimili, tunafanya kushoto peke yake, tunapata hasi nne, tunaichukua kuwa nne. Tunafanya kulia peke yake, nne. Jumla nane. Nikafuta mistari yake miwili na sifuri yake, nikaandika nane. Hakukuwa na mtu wa kugonga kama nimekosea, wala wa kunyamaza kama nimepatia, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote.

Gaudens akachukua karatasi akajaribu mwenyewe mstari mwingine unaovuka mhimili, polepole, bila mbwembwe. Kisha akalikata lile jibu lake la kwanza.

Awadh alitukuta hapo. Nilimwamkia, shikamoo Ami Awadh, maana nimelelewa, na akaitikia marahaba kwa mazoea kabla hajakumbuka kukasirika. Akauliza tunampigia kelele nani, maana huyo mwalimu wetu hayumo.

"Tunajua hayumo," nikasema. "Bi Farida pia anajua. Yuko ndani anakungoja akuulize nani anaruhusiwa kumtoa mjane edani."

Aliingia ndani, na mlango ukafungwa nyuma yake, na yaliyosemwa humo sikuyasikia wala sikuyatafuta. Tulikuwa na maswali matatu ya kumaliza kabla jua halijazama.

Asubuhi Mwalimu Elinaza alituweka kwenye chumba cha maabara, kila mtu na meza yake, akakaa mbele yetu na gazeti. Maswali aliyaazima kwa mwalimu wa shule nyingine. Lilikuwamo la konstanti, lilikuwamo la moja gawanya kwa eksi, na la mwisho lilikuwa eneo la mstari unaovuka mhimili. Nilipoliona nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikata pale mstari ulipovuka, nikaendelea.

Yalikwenda kusahihishwa, na baada ya siku chache akatuita. Alikuwa ameyatandaza makaratasi mezani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa sahani asiyoagiza. Alisema tumefaulu wote watatu, na kwamba yule mwalimu aliyesahihisha ametuma salamu, akiuliza nani amewafundisha hawa watoto, maana swali la eneo wanafunzi wake mwenyewe wengi waliandika sifuri. Kisha akaliuliza swali lile yeye mwenyewe, na sote tulijua anachouliza. Nani amewafundisha?

Gaudens aliwahi. Alisema tumejisomea wenyewe. Alikuwa anatuokoa, na jibu lilikuwa zuri, lingefunga mambo. Hedmasta alikwishaanza kutikisa kichwa kulikubali. Nami nikamwona Mwalimu Hamdiya kwenye mkeka wake na macho yaliyovimba, akiniuliza tumefika wapi, na nikaona kwamba jibu lile linamfuta kama chaki.

"Hatukujisomea, Mwalimu," nikasema. "Katufundisha Mwalimu Hamdiya, nyumbani kwake, akiwa edani, hata baada ya wewe kutukataza. Alipohamishwa, sehemu iliyobaki nimefundisha mie. Kama kuna jina la kufutwa, anza na langu."

Mwalimu Elinaza alivua miwani. Aliniuliza kama lile jibu la eneo nililipata kwa Mwalimu Hamdiya. Nikamwambia hapana, hilo ni la kwangu. Akawageukia wavulana. Shomari, ambaye baba yake angemchuna, alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alikuwapo uchochoroni kila siku. Gaudens alichelewa kidogo, halafu akasema eneo lile amefundishwa na Chausiku.

Hedmasta aliyakusanya makaratasi taratibu mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Akasema kukaidi amri yake hakuwezi kupita hivi hivi, kwa hiyo tutafyeka majani ya uwanja wote wa mpira, na tutaanza leo. Tulikuwa tumefika mlangoni alipoongeza, bila kutuangalia, kwamba majina yetu yanakwenda Advansi.

Tulifyeka wiki nzima. Bi Farida alikwishamrudisha mkwewe chumbani kwake, akanitumia salamu kwamba nikitaka kuingia nipite mlango wa mbele kama watu. Lakini siku ile ya kwanza jua lilikuwa kali, majani yalinifika magotini, na viganja vyangu vilikwishatoka malengelenge. Gaudens alikuja na fyekeo lake akasimama kando yangu, akajifuta jasho, akanitazama kama mtu anayetaka kukopa chumvi kwa jirani asiyemzoea. Akaniuliza ule mstari ukizungushwa kuuzunguka mhimili, ujazo wake unatafutwaje.

Nikamwambia angoje nimalize mstari wangu wa majani, halafu akae chini.